Marc Chagall: Myahudi aliyemrejesha Yesu kwa Wayahudi wenzake

KWA karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimchora Yesu Kristo kana kwamba alizaliwa Roma au Amsterdam. Ilikuwa nadra mno kwa mtazamaji kukumbushwa kuwa mwana huyo wa Mariamu alitahiriwa, akasoma Torati na kusali katika sinagogi.

Marc Chagall alikuwa miongoni mwa waliolikumbusha kanisa jambo hilo, tena wakati ambapo kulikumbusha kulikuwa na hatari.

Alizaliwa Julai 1887 mjini Vitebsk, katika Belarus ya leo, akapewa jina Moishe Shagal. Baba yake alifanya kazi ya sulubu katika ghala la samaki wa chumvi, na mama yake aliendesha duka dogo. Yeye alikuwa kifungua mimba katika familia ya Kiyahudi iliyoshika dini barabara.

Chini ya utawala wa Mfalme wa Urusi, Myahudi hakuruhusiwa kuishi St Petersburg bila kibali. Chagall alikwenda huko hata hivyo kusomea uchoraji, kisha akahamia Paris, na ni huko ambako mnamo 1912 alichora mateso ya Kristo kwa mara ya kwanza.

Vita vya 1914 vilimkuta nyumbani Vitebsk, na mwaka uliofuata akamwoa Bella Rosenfeld. Baada ya Mapinduzi ya 1917 alipewa wadhifa wa kusimamia sanaa mjini humo. Hakudumu sana, 1922 aliihama Urusi.

Mwaka wa 1931 alizuru Palestina ili kujiandaa kuchora visa vya Biblia kwa agizo la mchapishaji Ambroise Vollard. Wakati huo Ujerumani ilikuwa ikichafuka. Mnamo 1937 Wanazi walizianika kazi zake mjini Munich katika maonyesho yaliyokusudiwa kuikejeli sanaa waliyoiita potovu. Juni 1938 sinagogi kuu la Munich lilibomolewa, na Agosti likafuata la Nuremberg. Novemba masinagogi yalichomwa nchi nzima.

Mwaka huo ndio aliochora Msalaba Mweupe, mchoro unaohifadhiwa Chicago. Yesu yuko msalabani, lakini kiunoni amefungwa shali ya sala ya Kiyahudi, na kichwani ana kitambaa badala ya taji la miiba. Miguuni pake kuna kinara cha mishumaa. Kumzunguka, sinagogi linateketea, nyumba zimepinduliwa, mashua imejaa wakimbizi, na mzee anakimbia akiwa amekumbatia Torati.

Ujumbe ulikuwa mzito. Waliokuwa wakiwatesa Wayahudi walilelewa katika nchi za Kikristo, na Chagall aliwaonyesha kuwa wanayemsujudia ni ndugu wa hao wanaowafukuza. Baadhi ya Wayahudi nao hawakupendezwa, kwa kuwa msalaba ulikuwa umetumiwa muda mrefu kuwahukumu. Lawama zao zilikuwa na msingi, ingawa hazikumzuia kuendelea kuchora misalaba.

Mnamo 1941 alitorokea Marekani pamoja na Bella, aliyefariki huko 1944 na kumwacha mumewe akiwa hana nguvu ya kushika brashi kwa miezi kadhaa. Alirejea Ufaransa 1948.

Uzeeni, makanisa yenyewe ndiyo yaliyomwita. Huko Tudeley, Uingereza, aliombwa dirisha moja la vioo vya rangi kwa kumbukumbu ya binti aliyekufa maji 1963, ambaye baba yake alikuwa Myahudi na mama Mwanglikana. Alipoliona kanisa aliamua kuyatengeneza madirisha yote 12. Jerusalem nako, sinagogi la hospitali ya Hadassah lilikuwa tayari limepata 12 yake, moja kwa kila kabila la Israeli, 1962.

Kazi iliyohitaji moyo zaidi ilikuwa ya Ujerumani, nchi iliyowaangamiza watu wake. Padri wa kanisa la Mtakatifu Stefano mjini Mainz alimwandikia akimsihi, na mnamo 1978 dirisha la kwanza likawekwa, Chagall akiwa na umri wa miaka 91. Mengi ya aliyoyachora humo yanatoka Agano la Kale: Ibrahimu, Musa, Daudi.

Madirisha ya Mainz yalifika tisa. Chagall alifariki Machi 28, 1985 huko Saint-Paul-de-Vence akiwa na umri wa miaka 97, akazikwa katika makaburi ya mji huo.