Elijah Masinde: chungu cha busaa na kifungo cha Lamu

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 nilialikwa Myanga, kitongoji kilicho kati ya mji wa Bungoma na mpaka wa Malaba, katika nchi ya Wabukusu. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa jando. Wabukusu huwatahiri vijana wao kila baada ya miaka miwili, nao ni ule mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili. Vijana walikuwa wakizunguka kwa jamaa zao na kengele mikononi, na katika kila ua palikuwa na harufu ya nafaka iliyokaangwa. Rafiki yangu aliyenialika alijua kwamba mimi ni Mwislamu wa pwani, niliyekuzwa chuoni na kufundishwa tangu utotoni yaliyo halali na yaliyo haramu. Kwa hiyo niliwekewa kiti kivulini na birika la chai. Wazee wenzangu walikizunguka chungu kikubwa cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Sikuonja, wala sikushurutishwa kuonja. Walakini mwandishi hakatazwi kutazama na kuuliza, nami niliuliza sana. Nilitaka kujua wazee wale huitambuaje busaa njema na mbaya, kama vile sisi pwani tunavyomjua mgema hodari na yule anayesifiwa akatia maji. Na kila nilipouliza habari za pombe, jibu lilianzia chunguni likaishia kwa mtu mmoja, naye ni Elijah Masinde.

Wasomaji wasije wakachanganya majina. Huyu siye Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki mwaka 1992, ambaye jina lake limepewa chuo kikuu cha Kakamega. Elijah Masinde alikuwa mtu wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa. Serikali ya mkoloni ilimwogopa hata ikamwondoa katika nchi yake ya milima na kumleta kumtupa kwetu, katika kisiwa cha Lamu.

Kabla ya kuyaeleza maisha yake, yanipasa kukieleza chungu, maana asiyekijua chungu hatayaelewa maisha hayo. Busaa, ambayo Wabukusu huiita kamalwa, ni kazi ya wanawake, na ni kazi ya siku nyingi. Unga hukandwa kwa maji, ukafunikwa mpaka uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana lililotelekwa motoni, na kugeuzwageuzwa hata ugeuke rangi ya hudhurungi. Kando yake huwa pana kimea cha wimbi: wimbi limelowekwa, likaota, likaanikwa na kusagwa. Vitu hivi viwili vikikutana ndani ya maji huachwa kwa siku mbili au tatu, navyo huchemka vyenyewe pasipo moto. Pombe ikiisha kuwa tayari hutiwa chunguni, na wanywaji wakiendelea kuvuta, mtu huongeza maji ya moto.

Wazee wa Myanga walinambia kwamba busaa hupimwa kwanza kwa jicho. Rangi yake iwe ya hudhurungi inayokaribia wekundu. Ikiwa nyeusi, unga umeungua, na ikiwa nyeupe, mpishi alikuwa mvivu. Pili hupimwa kwa pua, ambayo yapaswa kupata harufu ya nafaka iliyokaangwa, si ya moshi. Tatu ni ulimi. Uchachu uwepo lakini usikate, na uzito uwepo lakini usiwe wa uji. Nimesoma kwamba Waayalandi nao wana pombe yao nyekundu ya asili, ambayo mji wao wa Kilkenny umejulikana kwayo tangu John Smithwick alipoanzisha kiwanda huko mwaka 1710, na kwamba wekundu wake watoka katika shayiri kidogo iliyokaangwa. Nchi mbili zilizo mbalimbali, na siri ya rangi ni moja: moto na nafaka.

Ila kuna kipimo cha nne, nacho ndicho kilichonifikisha kwa Masinde. Kabla mzee yeyote hajavuta mrija wake, mwenye nyumba alichota kidogo akamwaga chini. Kile kidogo kilikuwa fungu la wahenga, wale waliokwisha kuzikwa, ambao kwa Kibukusu ndio wenye kuitwa msambwa. Pombe ambayo wafu hawakupewa kwanza, hata ikiwa tamu kiasi gani, wazee wale huihesabu kuwa na kasoro.

Sasa natutazame maisha ya mtu huyu. Elijah Masinde alizaliwa yapata mwaka 1910. Akiwa kijana alisifika kwa mpira wa miguu kabla hajasifika kwa dini. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Baadaye alifanya kazi katika baraza la mahakama ya wenyeji, akipeleka hati za kuwaita watu shaurini. Basi aliyekuja kuisumbua sheria ya mkoloni alikuwa ameibeba mikononi mwake, akaijua uzito wake.

Alikuwa pia muumini wa kanisa la Marafiki, wale Wamarekani waliofungua misheni yao ya kwanza Kaimosi mwaka 1902 na kisha wakaenea mpaka Ubukusu. Marafiki walileta shule na hospitali, jambo lisilokanika. Lakini walimtaka mwongofu aache mambo mawili ambayo kwa Mbukusu yalikuwa ndiyo nyumba yenyewe: kuoa mke wa pili, na kukaa penye chungu cha pombe. Masinde alioa mke wa pili, na kanisa likamsimamisha.

Hapa msomaji wa pwani aweza kusema kwamba kuhusu pombe wale wamisionari walikuwa na haki. Nami sitambishia, kwani hukumu ya khamri kwetu ni wazi. Lakini tusilipite jambo hili haraka. Masinde hakugombania ulevi. Kwake yeye, kumkataza mtu kumwaga busaa ardhini kulikuwa kumkataza asimtaje babaye aliyekufa. Sisi tukiwakumbuka maiti wetu twasoma hitima, twazuru makaburi, twawarehemu kwa Fatiha. Jirani zetu Wamijikenda huwamwagia koma zao tembo la mnazi. Njia si moja, na kila mtu atamjibu Mola wake. Lakini uchungu wa kuambiwa kwamba wafu wako hawana haki juu yako, huo hauhitaji tafsiri.

Tena mkoloni mwenyewe hakuichukia pombe. Kiwanda cha bia kilifunguliwa Nairobi mwaka 1922, na Wazungu wakanywa bila ya haya, huku sheria ikimkataza Mwafrika bia hiyo ya chupa mpaka miaka ya arobaini. Chupa ya bwana ilikuwa ustaarabu, na chungu cha mzee kilikuwa ushenzi. Masinde aliliona hilo, na akalisema hadharani.

Katika miaka ya vita vikuu vya pili alianza kuhubiri kwamba Mwafrika arudie ibada ya wazee wake, amwabudu Wele, ndilo jina la Mungu kwa Kibukusu, na auelekee Mlima Elgon kama mahali patakatifu. Pamoja na ibada palikuwapo siasa. Mashamba mema ya Trans Nzoia yalikuwa mikononi mwa masetla, na vijana walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi. Mwaka 1944 alikataa amri ya kung'oa magugu shambani mwake, akagombana na wakubwa wa mahali. Mwaka 1945 serikali ikaamua kwamba mtu wa namna hii hana budi awe mwenda wazimu, ikamtia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Nairobi. Alikaa huko hadi mwaka 1947.

Alipotoka hakupoa. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo aliwaongoza maelfu ya watu mpaka Chetambe, karibu na Webuye. Mahali hapo pana historia ya damu. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya boma lao la Chetambe, na jeshi lililoongozwa na Hobley likawavunja kwa bunduki. Ni haki tukumbuke kwamba katika jeshi hilo walikuwamo askari wa Kisudani, ndugu zetu katika Uislamu, na watu wa Nabongo Mumia wa Wanga, ambaye naye alikuja kusilimu. Masinde aliwapeleka watu pale wakawafanyie matambiko wale waliouawa bila ya kupata heshima yao. Miaka hamsini na miwili ilikuwa imepita, na fungu la wafu lilikuwa bado halijamwagwa.

Mkoloni hakuona matambiko, aliona uasi. Ni kweli pia kwamba wafuasi wa Msambwa walishitakiwa kwa kuchoma nyumba na majengo ya misheni, nami simwandiki Masinde kama mtu asiye na lawama. Alikuwa mkali wa ulimi na mkali wa mkono. Tarehe 10 Februari 1948 umati wa watu wake ulikusanyika Malakisi, kaskazini ya Myanga, mbele ya polisi. Polisi wakapiga risasi, na watu 11 wakafa. Siku chache baadaye dini yake ikapigwa marufuku, naye akakamatwa, akapelekwa Lamu.

Hebu tulifikiri jambo hili, sisi watu wa pwani. Mtu wa mlima, aliyezoea baridi na ukungu na mashamba ya wimbi, anashushwa kisiwani kwenye mchanga na chumvi, katika mji ambao hakuna chungu cha busaa wala mtu anayeijua lugha yake. Hapana shaka adhana aliisikia mara tano kila siku. Hapana shaka, mwezi wa Mfungo Sita ulipofika, sauti za Maulidi zilimfikia pia, kwani mji wa Habib Swaleh hauwezi kuyaficha Maulidi yake. Serikali iliifanya Lamu jela kwa sababu ilikuwa mbali. Na wakati wa hali ya hatari, katika miaka ya hamsini, ikajenga kambi ya wafungwa huko Takwa katika kisiwa cha Manda. Watu wetu hawakuulizwa kama walitaka kisiwa chao kiwe kufuli la wenzao.

Baadaye alihamishiwa Marsabit, na hakurudi kwao hadi uhuru ulipokuwa umekaribia. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo shida zake zilipokoma. Sivyo. Dini ya Msambwa iliruhusiwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968, safari hii na serikali ya Waafrika wenzake. Masinde aliingia jela na kutoka, akaingia na kutoka, maana hakujua kumsifu mtawala kwa ajili ya amani yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1987. Wengi kwao humkumbuka kama nabii, wengine kama mkorofi, na pale Myanga niliwasikia wazee wawili wakilibishania hilo juu ya chungu kimoja.

Jioni, maji ya moto yalipokwisha kuongezwa mara ya mwisho, nilimwuliza mmoja wa wazee kama busaa ile ilikuwa njema. Akavuta mrija, akanyamaza kitambo, kisha akaniashiria mahali palipolowa kando ya chungu, pale fungu la wahenga lilipomwagwa. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Nilirudi Mombasa sikuwa nimeonja tone, na sijutii. Lakini tangu siku ile, nikifika Lamu na kupita mbele ya ngome, humkumbuka mcheza mpira wa Kimilili. Hatukuwa naye katika dini, wala hatungekaa naye penye chungu chake. Alikuwa mgeni wetu asiyeletwa kwa hiari yake, na mgeni, hata wa kifungoni, ana haki ya kutajwa kwa wema na wenyeji wake.