Gandhi: Mhindu Aliyekataa Kisasi

Kule Jinja, Uganda, mahali mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, kuna sanamu ya Mohandas Gandhi. Mwaka 1948 sehemu ya majivu yake ilimwagwa pale, kwa kuwa Wahindu huchoma maiti na kupeleka majivu mtoni.

Gandhi alizaliwa Porbandar, India, tarehe 2 Oktoba 1869. Alisomea sheria London, na mwaka 1893 akaenda Afrika Kusini, ambako alishushwa kwa nguvu katika treni kwa sababu ya rangi yake. Hata hivyo, katika maandishi yake ya ujana aliwadharau Waafrika. Hakuwa mtu asiye na doa.

Aliongozwa na mafundisho ya Kihindu: dharma, yaani wajibu wa kila mtu, karma, yaani kila tendo huzaa matunda, hata katika maisha mengine baada ya kifo, na ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote. Sisi hatuamini kuzaliwa tena katika mwili mwingine, tunangoja ufufuo. Lakini yeye alipoyasoma Mahubiri ya Mlimani, yalimgusa sana.

Alianza kusahihisha kwake. Jamii ya Wahindu iligawanywa kwa matabaka, na wa chini kabisa waliitwa wasioguswa. Mwaka 1915 aliipokea familia moja ya watu hao katika makao yake Ahmedabad. Wafadhili wakakata msaada, lakini hakuifukuza.

Mwaka 1947 India iligawanywa, na Wahindu, Waislamu na Masingasinga wakauana. Mwezi wa Septemba, mjini Calcutta, Gandhi alifunga kula mpaka viongozi wa pande zote wakaahidi amani. Januari 1948 akafunga tena, mjini Delhi, akitetea usalama wa Waislamu. Tarehe 30 mwezi huo, Mhindu mwenzake alimpiga risasi akielekea kwenye maombi.

Hapa Goma tumezika wengi, na kila kabila linahesabu wafu wake. Anayekataa kisasi huitwa msaliti na watu wake mwenyewe. Bwana wetu alituamuru kuwapenda adui zetu, naye alikufa akiwaombea waliomsulubisha. Kama mtu ambaye hakubatizwa alikubali gharama hiyo, sisi tunaoshiriki Meza ya Bwana tunasubiri nini? Tuanzie nyumbani, katika maneno tunayosema juu ya kabila lingine mbele ya watoto wetu.