Mzee Kuhlo, Jemadari wa Matarumbeta

Katika milima yetu ya Usambara, tangu Mlalo hata Bungu, watu wamezoea kusikia tarumbeta siku ya sikukuu kabla hawajaliona kanisa lenyewe. Nao wapigaji twawajua tabia zao. Wengi wao ndio wacheshi wa kijiji. Mwenye pembe kubwa ya besi hutaniwa kwa ajili ya pumzi yake, naye huwajibu wale wa sauti ya kwanza kwamba wanalia kama vifaranga waliopotewa na mama yao. Wako wazee ambao hukunja uso wakisikia vicheko hivi karibu na mlango wa kanisa, na kuuliza kama watu wa namna hii wafaa kuongoza nyimbo za ibada. Ili tupate kulifikiri jambo hili, mwezi huu twawasimulia habari za mtu aliyekuwa mcheshi kuliko wapigaji wote, tena mchungaji, ambaye pasipo yeye pengine vikundi vyetu visingekuwa kama vilivyo. Jina lake Johannes Kuhlo.

Alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1856 katika kijiji cha Gohfeld, nchi ya Westfalia, huko Ujerumani. Baba yake, Eduard Kuhlo, alikuwa mchungaji wa kijiji hicho. Nchi ile ilikuwa ya wakulima na wafumaji wa kitani, watu maskini wenye kufanya kazi nyingi, na katika miaka ile palikuwa na uamsho mkubwa wa imani kati yao. Watu walikusanyika kwa maelfu katika sikukuu za misioni, wakakutana nje shambani maana kanisa halikuwatosha. Ndipo lilipotokea shida: kinanda hakibebeki kwenda shambani, na watu maelfu wakiimba pasipo kiongozi, walio nyuma hubaki nyuma ya wimbo, wa mbele wakamaliza wa kwao peke yao. Basi mwaka 1843 huko Jöllenbeck, katika usharika wa Mchungaji Volkening, vijana wakaanza kupiga nyimbo za kanisa kwa pembe za shaba. Hiyo ndiyo asili ya vikundi vya tarumbeta katika nchi ile. Havikuanzishwa kwa ajili ya fahari, vilianzishwa kwa sababu ya upepo na uwanja mpana.

Mzee Eduard aliipenda kazi hii sana, na mwaka 1881 akatoa kitabu cha nyimbo kwa wapigaji. Mwana akakua katikati ya pembe hizo kama mtoto wa mhunzi akuavyo katikati ya nyundo. Alipokuwa bado mwanafunzi alikuwa akiwaongoza wenzake kupiga, na alipokwenda kujifunza elimu ya dini katika vyuo vikuu, pembe ilikwenda naye. Mwaka 1882 akawa mchungaji wa Hüllhorst, si mbali na kwao.

Hapa yafaa tueleze jambo moja la ufundi, maana ndilo lililo kubwa katika kazi ya wale Kuhlo wawili. Katika bendi za askari, kila chombo huandikiwa karatasi yake. Mpigaji huona noti moja katika karatasi, lakini sauti itokayo katika pembe yake ni nyingine, iliyo chini au juu ya ile iliyoandikwa. Kwa bendi ya askari si neno, kwa kuwa hupiga peke yao. Lakini kanisani mpiga kinanda ana kitabu chake, waimbaji wana chao, na mpiga tarumbeta wa namna ile hawezi kusoma katika vitabu hivyo ila ameandikiwa upya. Akina Kuhlo wakafundisha njia nyingine: mpigaji aisome noti kama inavyosikika kweli. Kwa njia hiyo kitabu kimoja kikatosha kwa waimbaji, kinanda na tarumbeta, sauti zote nne. Mkulima asiyekuwa na fedha ya kununua karatasi nyingi aliweza kukaa karibu na mwimbaji na kupiga katika kitabu cha mwenziwe.

Tena Johannes Kuhlo hakutaka tarumbeta ilie kama tarumbeta ya vita. Alitaka iimbe kama koo la mwanadamu. Kwa hiyo alipenda pembe zenye mwili mpana na sauti laini, na akamtumia fundi wa mji wa Bielefeld kutengeneza pembe iliyokunjwa kwa umbo la yai, ambayo hata leo huitwa kwa jina lake. Aliwafundisha wapigaji wayafikiri maneno ya wimbo wakati wanapopuliza, wavute pumzi pale ambapo mwimbaji angevuta, wasikate neno katikati.

Mwaka 1893 aliitwa Bethel, karibu na Bielefeld. Mahali hapo palianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na tangu mwaka 1872 msimamizi wake alikuwa Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, ambaye jina lake halihitaji kuelezwa sana katika milima hii. Kuhlo akawekwa kuiongoza Nazareth, nyumba ya mashemasi, akaishika kazi hiyo hata mwaka 1922. Mashemasi walijifunza huko kuwauguza wagonjwa, kuwaosha, kuwalisha, kuwashika wanapoanguka. Na wengi waliotoka mikononi mwa Kuhlo walijifunza pia kupuliza. Tusisahau kwamba Lutindi, si mbali na Bungu, ambako mwaka 1896 palifunguliwa nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa, na baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili, palihudumiwa na mashemasi wa Bethel. Hivyo ndivyo uzi ulivyovutwa kutoka Westfalia hata Usambara.

Sasa kuhusu tabia yake. Huyu hakuwa mtu wa kukaa kimya wala wa kujitukuza. Alitembea na pembe yake chini ya joho kama mchungaji mwingine atembeavyo na kitabu. Aliitoa njiani, aliitoa katika gari la moshi mbele ya wasafiri wasiomjua, aliitoa chini ya dirisha la mgonjwa asiyeweza kuamka kitandani. Husimuliwa kwamba aliweza kupuliza sauti moja na kuvumisha nyingine kooni wakati uleule, hata wasikiao wakadhani wako watu wawili au watatu, wakageuka kumtafuta wa pili. Watoto walimfuata. Wagonjwa wa kifafa, ambao katika vijiji vyao walikuwa wakifichwa, walicheka naye pasipo kuona haya. Visa vyake ni vingi hata baada ya kufa kwake vikakusanywa vitabuni, na Wilhelm Ehmann, mwalimu wa muziki wa nchi ileile, aliyeandika habari za maisha yake, alimtaja kuwa mpiga ngoma wa Mungu, kwa maana ya wale wapigaji wa kale waliozunguka vijijini.

Mimi naona kwamba ucheshi huu haukuwa pambo tu. Mfikirini kijana mfumaji, mikono migumu, ambaye hakupata kujifunza muziki, amesimama mbele ya watu elfu na pembe imemtoa sauti ya mbuzi. Mwalimu mkali angemfukuza siku hiyohiyo. Mwalimu anayejua kucheka pamoja naye humrudisha jioni ya pili, na jioni ya tatu. Vikundi vya wapigaji wasiolipwa, wanaokutana baada ya kazi ya shamba, haviwezi kudumu miaka mia pasipo furaha ya namna hii. Nani angekwenda kupuliza gizani, midomo ikimuuma, kama huko hakuna kicheko?

Watu wakamwita Jemadari wa Matarumbeta. Yeye alikusanya wapigaji kutoka sharika nyingi kwa wakati mmoja, na Kaisari Wilhelm II alipozuru Bethel mwaka 1897 kundi kubwa la wapigaji lilimpokea. Inapendeza kukumbuka kwamba katika miaka iliyofuata, huku pwani kwetu, vijana wa mchezo wa beni, katika Lamu, Mombasa na Tanga, walikuwa wakipeana vyeo vya Jenerali na Kaisari, wakivaa kama askari na kushindana kwa tarumbeta na ngoma, Marini na Arinoti. Wachungaji wengi waliukemea mchezo ule. Lakini wakulima wa Westfalia nao walikuwa wamempa mchungaji wao cheo cha jemadari kwa utani uleule. Moyo wa mpiga tarumbeta hauna tofauti kubwa, awe Tanga au Bielefeld.

Walakini habari za mtu zikisimuliwa, zisimuliwe zote. Kuhlo aliipenda nchi yake na wafalme wake kwa upendo usiouliza neno. Ufalme ulipoanguka mwaka 1918 alisikitika sana, na Hitler alipopata utawala mwaka 1933, mzee huyu, mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini na sita, alifurahi na kumsifu mbele za watu. Hakuwa peke yake, maana wakristo wengi wa Ujerumani walifanya vivyo hivyo. Lakini yeye alikaa Bethel, kati ya wagonjwa walewale aliowapigia pembe madirishani kwa miaka arobaini, na utawala aliousifu ndio uliowahesabu wagonjwa wa namna hiyo kuwa mzigo usiostahili kulishwa. Katika miaka ya 1940 na 1941 wagonjwa zaidi ya 70,000 wa hospitali za Ujerumani waliuawa kwa gesi kwa amri ya serikali. Msimamizi wa Bethel wakati huo, Fritz von Bodelschwingh, mwana wa yule mzee, alikataa kuzijaza karatasi za kuwaandikisha wagonjwa wake, akaenda kuwasihi wakubwa, na wengi wakapona. Wagonjwa Wayahudi waliokuwa Bethel hawakupona: mnamo Septemba 1940 walihamishwa, wakauawa.

Nimeulizwa na ndugu mmoja kama kuna haja ya kuyaandika haya katika habari za mpiga tarumbeta. Naona iko haja. Furaha ya Kuhlo ilikuwa ya kweli, wala hapana awezaye kuifuta. Lakini mtu mwenye moyo mweupe kama wa mtoto, anayeona kila mgeni kuwa rafiki na kila sherehe kuwa mahali pa wimbo, aweza pia kumpigia mbwa-mwitu pembe ya kumkaribisha zizini. Wale wazee wanaokunja uso wakisikia vicheko vya wapigaji waliogopa kitu, ila walikosea mahali pa kukiogopa. Kicheko hakikumdhuru Kuhlo hata kidogo. Kilichomdhuru ni kule kumstahi mtawala pasipo kumpima.

Alikufa Bethel tarehe 16 Mei 1941, katika mwaka wake wa themanini na tano, vita vikiwa vinaendelea. Huku Tanganyika wamisionari wengi Wajerumani walikuwa wamekwisha kuwekwa kizuizini, na sharika za Usambara zilikuwa zikiendeshwa na wachungaji na wazee wenyeji.

Baada yake wapigaji wa Ujerumani hawakukubaliana juu ya urithi wake. Ehmann na wenziwe walisema kwamba tarumbeta isilazimishwe kuwa koo la mwanadamu, maana nayo ina sauti yake aliyopewa, kali na yenye kung'aa, wakazitoa kabatini nyimbo za zamani zilizotungwa hasa kwa vyombo vya shaba. Wengine hata leo hushikamana na pembe laini za Kuhlo. Ama mimi, nikiulizwa, ningesema asubuhi ya Pasaka makaburini inafaa ile kali, na dirishani pa mgonjwa ile laini, lakini hili ni shauri la mchungaji asiyejua kupuliza. Mwaka 2016 upigaji wa tarumbeta katika vikundi vya kanisa uliandikwa nchini Ujerumani miongoni mwa urithi wa utamaduni wa taifa lile, na wapigaji wake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Wengi wao wasoma noti bado kwa njia ya akina Kuhlo, yaani kama inavyosikika. Kijana wa milimani kwetu aliyefunzwa vivyo hivyo, akipelekwa Bielefeld asijue hata neno moja la Kijerumani, aweza kuonyeshwa ukurasa, akaketi kati ya mkulima na mwalimu wa shule, akapiga sauti yake ya tenori tangu mwanzo hata mwisho.