Bertillon: Karani Aliyewapima Wahalifu wa Paris

Alphonse Bertillon alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1853, katika familia ya wataalamu wa takwimu. Shuleni hakung'ara, na mwaka 1879 aliajiriwa kuwa karani katika Makao Makuu ya Polisi ya jiji hilo. Alinakili maelezo ya watuhumiwa kwenye kadi, nayo hayakuwa na msaada mkubwa, kwani wengi waliandikwa kuwa na kimo cha wastani na sura ya kawaida. Aliyebadili jina alihesabiwa kuwa ndiyo kwanza anakosa.

Bertillon alipendekeza mtuhumiwa achukuliwe vipimo 11 vya mwili, vikiwemo vya kichwa, kidole cha kati na unyayo, kwa kuwa mifupa ya mtu mzima haibadiliki. Mkuu wa Polisi alimpuuza. Mrithi wake, Camescasse, alimpa miezi mitatu ya majaribio kuanzia Desemba 1882. Muda ulikuwa ukiyoyoma pale kadi zilipomfichua, Februari 1883, mtu aliyewahi kukamatwa kwa jina jingine. Mwaka 1884 walitambuliwa wahalifu 241. Jaribio dogo lenye muda maalumu liliishawishi serikali. Ni utaratibu ambao hata leo ungeokoa fedha nyingi za umma.

Sifa hizo zilimponza. Mwaka 1894 aliitwa kuchunguza mwandiko katika kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus, aliyetuhumiwa kuuza siri za jeshi, ingawa hakuwa mtaalamu wa miandiko. Mwandiko haukulingana kikamilifu na wa mtuhumiwa, lakini Bertillon alidai kuwa Dreyfus aliughushi mwandiko wake mwenyewe. Mtu asiye na hatia alifungwa Kisiwa cha Shetani kwa zaidi ya miaka minne, na hakusafishwa jina hadi mwaka 1906.

Wakati huo alama za vidole zilikuwa zikienea duniani. Bertillon aliziongeza kwenye kadi zake, na mwaka 1902 zilimwezesha kumtambua muuaji, Scheffer. Hata hivyo, aliendelea kuzipanga kadi kwa vipimo vya mwili. Mchoro wa Mona Lisa ulipoibwa mwaka 1911, mwizi aliacha alama ya kidole. Vincenzo Peruggia aliwahi kukamatwa na polisi wa Paris, lakini kwa mpangilio ule alama moja haikuweza kumfikia mwenyewe. Alikamatwa Italia Desemba 1913, alipojaribu kuuza mchoro huo.

Bertillon alifariki Februari 1914.