WINSTON SIMON, MPIGAJI WA NGOMA YA PIPA

Ndugu zetu wa bendi, wanaopuliza matarumbeta kwenye gwaride, watuwie radhi leo tukiziacha shaba zao na kuzungumzia pipa la mafuta.

Kisiwa cha Trinidad, katika bahari ya Karibiani, kilikuwa koloni la Uingereza, na sehemu kubwa ya wakazi wake ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Mwaka 1881 polisi na wachezaji wa Karnivali walipigana vikali mjini Port of Spain, na mwaka 1884 serikali ikabana upigaji wa ngoma kwa sheria. Watu wakashika mianzi, wakaigonga ardhini kuwa ngoma yao. Miaka ya 1930 mianzi nayo ikaanza kuwapisha makopo, vyuma vya motokaa na madebe.

Huko ndiko alikozaliwa Winston Simon mwaka 1930, katika vilima vya kimaskini vya Laventille. Watu walimwita Spree. Yasimuliwa kwamba siku moja alimwazima debe lake rafiki mwenye mikono ya nguvu, likarudi limebonyea. Simon akaligonga kwa ndani ili alinyooshe, naye akasikia kwamba kila alipogonga palitoa sauti yake. Tangu hapo hakutulia. Wako mafundi wengine, kama Neville Jules na Ellie Mannette, wanaodaiwa sehemu yao ya sifa, na ubishi huo hatutauamua sisi.

Wakati wa vita Karnivali ilizuiwa, lakini nyundo hazikulala. Mwaka 1946 ilipofunguliwa tena, Simon, kijana wa bendi iliyojiita Destination Tokyo, alisimama mbele ya gavana, Sir Bede Clifford, na pipa lenye sauti kumi na nne, akapiga hata wimbo wa taifa wa Uingereza. Waliokizoea chombo hicho kuwa cha makelele walisikia muziki kamili.

Hata hivyo heshima haikuja upesi. Bendi za mitaa zilipigana kwa mawe na visu, na polisi waliwakamata wapigaji na kunyang'anya mapipa. Tusiwalaumu polisi peke yao, maana damu ilimwagika kweli; lakini kijana aliyebeba pipa alihesabiwa mhuni kabla hajapiga hata sauti moja.

Mwaka 1951 wapigaji wa bendi mbalimbali walichaguliwa, Simon akiwa mmojawapo, kuunda kikundi cha TASPO kitakachokwenda Uingereza. Wakatafutiwa mwalimu, naye alikuwa mtu wa polisi: Luteni Joseph Griffith, mzaliwa wa Barbados, aliyeongoza bendi ya polisi katika kisiwa cha St. Lucia. Vijana waliozoea kuwakimbia polisi wakajikuta wakipokea amri kutoka kwake.

Griffith hakuridhika na mapipa aliyoyakuta. Alitaka sauti zote ziwemo, pamoja na nusu sauti zilizokosekana, na kwa sauti nene mpigaji mmoja akapewa mapipa makubwa kadhaa badala ya moja. Kazi hiyo si rahisi. Kitako cha pipa hugongwa mpaka kikabonyea kama karai. Mipaka ya sauti hutiwa kwa tindo butu. Chuma hupashwa motoni. Kisha fundi huinama na nyundo ndogo, akiitafuta kila sauti kwa sikio. Akiikosea moja, ya jirani nayo huharibika.

Julai mwaka huo walipiga London, ukingoni mwa mto Thames, katika sherehe kuu ya Uingereza. Waliporudi, mapipa yenye sauti kamili yakawa mfano kwa bendi nyingine.

Mwaka 1975 mwimbaji Lord Kitchener alimtungia Simon wimbo wa sifa, nao ukapigwa barabarani kuliko nyimbo zote za Karnivali ya mwaka huo. Simon aliwahi kuusikia. Alifariki dunia Aprili 1976.