Daktari wa Jicho Moja

Mwaka jana mtoto wa shangazi yangu, akaaye ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, alivimba taya. Sisi huku Butihinda tulipopata habari tulidhani ni jino. Kumbe ni saratani iitwayo kwa jina la Daktari Denis Burkitt, nami nikataka kumjua mtu huyo.

Alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe akapoteza jicho moja. Hata hivyo akawa daktari mpasuaji, na mwaka 1946 akafika Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala. Huko mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine vile vile. Wengi wangepita tu. Yeye mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili, alipanda motokaa kuukuu akasafiri kilometa 16,000, akiuliza hospitali kwa hospitali. Akaona kwamba ugonjwa umekaa penye joto na mvua. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakaona kirusi ndani yake.

Wasomaji, mnisamehe nikiingia kidogo katika biolojia. Utandoni mwa seli mna vipokezi, kama mabawabu mlangoni. Kichocheo cha ukuaji kikija, vipokezi viwili hushikana, hutiana alama za fosfeti, na protini za ndani huja kuzishika alama hizo, moja baada ya nyingine, mpaka kundi zima limekusanyika pale pale mlangoni. Kundi hilo ndilo lipelekalo amri hadi kiini, na mmoja wa wapokeao amri ni jeni iitwayo MYC. Kichocheo kikiondoka, kundi hutawanyika. Lakini katika ugonjwa huu MYC imekatika kwenye kromosomu yake ikaungwa karibu na jeni za kinga, nayo huamuru seli zigawanyike hata kama mlangoni hakuna aliyebisha.

Burkitt alianza bila kuyajua hayo. Mpasuaji mwenyewe aliona kisu hakifai, akajaribu dawa, na uvimbe wa baadhi ya watoto ukayeyuka kwa siku chache. Alifariki mwaka 1993.

Mtoto wa shangazi naye alipewa dawa. Nywele zilimtoka zote. Likizo iliyopita nilimwona: zimeanza kuota tena na taya imerudi, ila madaktari bado wanamwangalia.