Emily Roebling: Bila cheo wala cheti, alilivusha daraja

Umewahi kusoma tangazo la kazi ya meneja wa mradi? Digrii, vyeti viwili vitatu, tajriba ya miaka mitano, na ujue kutumia programu ambazo hujawahi hata kuzisikia. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili huwa nalifunga haraka nirudi kwa shughuli zangu. Lakini hebu nikupe stori ya mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo kabla haijapewa jina, bila cheo, bila digrii na bila mshahara.

Emily Warren alizaliwa 1843 huko Cold Spring, jimbo la New York, Marekani, katika familia ya watoto 12. Kakake Gouverneur alikuwa jenerali wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Emily alipomtembelea mwaka 1864, akakutana na ofisa kijana aliyekuwa akihudumu chini yake, Washington Roebling. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa.

Baba mkwe, John Roebling, ndiye aliyebuni Daraja la Brooklyn, la kuunganisha Brooklyn na Manhattan juu ya East River. Mwaka 1869, akipima mahali pa kulijenga, feri ikamponda mguu. Pepopunda ikamuua kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Washington, miaka 32, akarithi kazi yote kama mhandisi mkuu.

Sasa sikiza jinsi msingi ulivyochimbwa. Walitengeneza masanduku makubwa ya mbao yasiyo na sakafu, wakayazamisha mtoni, halafu wakasukuma hewa ndani kwa nguvu ili maji yasiingie. Vibarua walishuka humo kuchimba matope na mawe. Ukitoka huko haraka, gesi iliyoingia kwenye damu inageuka mapovu. Unaumwa viungo, unapooza, wengine wanakufa. Washington alikuwa bosi wa kushuka na watu wake, na mwaka 1872 ugonjwa huo ukamwangusha kabisa. Macho yakawa dhaifu, mwili ukawa maumivu matupu, hata kuongea na wageni ikawa shida.

Jiulize: mradi mkubwa hivyo, mhandisi mkuu yuko kitandani, na wanasiasa wanangoja tu ateleze. Ungefanya nini?

Emily alichukua kalamu. Washington aliogopa angekufa kabla ya kumaliza, kwa hivyo alitaja kila hatua iliyobaki naye akaandika. Ukiandika kitu usichokielewa utakosea, hivyo akajifunza hesabu, nguvu za vifaa, mkunjo wa kamba inayoning'inia na namna nyaya zinavyosokotwa. Akawa anabeba maagizo hadi kwenye mjengo, anasikiza maswali ya wahandisi wasaidizi, anarudi nayo nyumbani. Wauzaji wa vifaa, wanahabari na wakubwa wa bodi, wote walipitia kwake. Barua nyingi za ofisi ziko kwa mwandiko wake. Ilifika mahali watu wakanong'ona kwamba mhandisi mkuu halisi ni yeye.

Hapo nisikudanganye, maana mtandaoni utasoma kwamba Emily ndiye aliyebuni daraja. Hapana. Ramani ilikuwa ya baba mkwe, na maamuzi makubwa ya kihandisi yalikuwa ya mumewe na wasaidizi wake. Kazi yake ilikuwa ile ambayo haionekani kwenye picha: kuhakikisha anayejua na anayejenga wanaelewana, na wanaolipa hawapotezi imani. Kama umewahi kufanya kazi ya mjengo hata wiki moja, unajua ukuta unavyobomolewa kwa sababu fundi aliambiwa hivi na mwenye nyumba alimaanisha vile.

Halafu kuna ufisadi, usidhani ni sisi tu. Mwaka 1878 iligunduliwa kwamba mwanakandarasi wa nyaya, J. Lloyd Haigh, alikuwa akiwaonyesha wakaguzi waya mzuri, kisha njiani kuelekea darajani anaubadilisha na mbovu. Sampuli safi, mzigo takataka. Na nyaya mbovu zilikuwa tayari zimesokotwa ndani, huwezi kuzitoa. Kilichowaokoa ni kwamba hesabu ya mwanzo ililipa daraja nguvu mara sita ya iliyohitajika. Wakaongeza takriban nyaya 150 kwa kila kamba kuu, kwa gharama ya Haigh, kazi ikaendelea. Ukipanga mradi bila akiba, mwizi mmoja anatosha kuumaliza.

Mwaka 1882 meya wa Brooklyn, Seth Low, alitaka Washington aondolewe. Bodi ikapiga kura: 10 wabaki naye, 7 aende. Kura tatu tu, bana. Emily alikuwa amepigania cheo cha mumewe kwa miaka, wakati yeye mwenyewe hakuwa na chochote cha kupokonywa.

Daraja lilifunguliwa Mei 24, 1883. Lilikuwa limemeza takriban dola milioni 15 na kuua zaidi ya watu 20. Pengo la katikati, mita 486, lilikuwa refu kuliko la daraja lolote la kuning'inia duniani. Kabla ya sherehe, Emily alilivuka kwa gari la farasi akiwa amempakata jogoo, ishara ya ushindi. Washington alibaki nyumbani, akitazama kwa dirisha.

Baadaye, mwaka 1899, akiwa na miaka 55, Emily alipata cheti cha sheria kutoka Chuo Kikuu cha New York. Akafariki Februari 1903. Washington, yule mgonjwa aliyedhani hangefika mwisho wa mradi, aliishi hadi 1926.